Madaftari Mawili

Nilihamia Chamazi mwaka 1998, wakati ambapo ukitoka Mbagala Rangi Tatu ulipita katikati ya mikorosho na minazi, na mvua ikinyesha hakuna gari lililothubutu kuingia. Leo kuna lami, kuna uwanja wa mpira unaojulikana nchi nzima, na nyumba zimebanana hata mtu akikohoa usiku jirani anampa pole. Kanisa letu lilianza chini ya mwembe, likahamia kwenye banda la makuti, na sasa lina kuta za matofali na bati jipya. Nilikuwa katibu wa baraza la wazee kwa miaka 11. Katika muda huo wote daftari la ahadi lilikaa mikononi mwangu. Nataka kueleza habari ya daftari hilo, na kwa nini habari za Wakristo wa karne ya 2 na ya 3, ambazo nilipokuwa mwalimu wa historia nilizisoma kwa kupenda tu, siku hizi zinaninyima usingizi.

Kwa msomaji asiyejua utaratibu wetu: kila msharika hupewa namba, na namba hiyo huandikwa kwenye bahasha zake za mwaka mzima. Jumapili huweka fedha ndani ya bahasha, na Jumatatu jioni mimi na mhazini tunafungua, tunahesabu, tunajaza safu. Daftari langu lilikuwa safi. Wino wa bluu kwa waliotoa, mstari mwekundu kwa wasiotoa. Nilijivunia usafi huo kuliko ninavyopenda kukiri.

Masika ya mwaka 2014 alifariki mama mmoja mjane, namba 214. Alikuwa akikaanga mihogo kituoni, na ugonjwa ulikuwa umemweka ndani muda mrefu. Kaka yake alikuja asubuhi na mapema kuomba kengele na mchungaji. Mchungaji alikuwa safarini mkoani, kwa hiyo tulikaa wazee wanne kwenye viti vya plastiki, nje, maana ndani kulikuwa na mafundi. Kanuni yetu ilisema kwamba asiyetimiza wajibu wake mwaka mzima hapati huduma ya mazishi. Nilifungua daftari. Mstari mwekundu ulianzia mwaka wa pili nyuma. Nikasema, "Hayupo hai kwenye daftari." Ndivyo tulivyokuwa tukisema, kana kwamba ni jambo la kawaida. Shauri lilikwisha kabla chai haijapoa.

Jambo moja nililijua na sikulisema. Tulipomwaga zege la msingi, mama yule alibeba maji kichwani kutoka kisimani siku tatu, na mchana akawaletea mafundi mihogo bila kudai senti. Daftari langu halikuwa na safu ya maji wala ya mihogo.

Alizikwa alasiri ile ile kwenye makaburi ya mtaa. Kaburi lilichimbwa na majirani, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mama mmoja wa kwaya alikuja bila sare, akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia kwa sauti za chini kama watu wanaofanya kosa. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Wakati wa kurudi nilimkuta mzee jirani yangu akijifuta udongo miguuni, nikamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Nikuulize jambo, usinichukulie vibaya."

"Uliza tu, mzee wangu."

"Hivi na kwenu maiti huulizwa madeni?"

Sikujua nimjibu nini. Akaendelea kwa upole, "Maana na sisi huuliza. Kabla hajaswaliwa tunauliza nani anamdai marehemu. Ila tunauliza ili alipiwe."

Akaniaga. Nadhani hakukusudia kuniumiza, na ndiyo sababu niliumia sana.

Ndugu msomaji, ukisikiliza mahubiri yetu utasikia "kanisa la kwanza" likitajwa karibu kila Jumapili. Linatajwa kwa miujiza, kwa lugha, na kwa mashahidi waliotupwa kwa simba. Mashahidi tunawapenda sana. Tuna wetu pia: vijana wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na hapa karibu nasi, Pugu, wamisionari watatu wa Kibenedikto waliouawa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Nawaheshimu wote. Lakini nimeanza kushuku kwamba tunawapenda mashahidi kwa kuwa hawatudai chochote. Hakuna mtu Chamazi anayetuuliza leo tuchague kati ya Kristo na moto. Tunachoulizwa ni nani atamzika mama wa mihogo.

Na kila msimu wa ahadi ukifika, wahubiri hukimbilia habari ya Anania na Safira. Hawafiki kwenye maneno ya Petro kwamba shamba lilikuwa mali yake Anania, na hata lilipokwisha kuuzwa fedha ilikuwa bado mikononi mwake. Wala hawageuzi ukurasa kufika sura ya 6, ambapo ugomvi wa kwanza ndani ya kanisa la Yerusalemu ni ugomvi wa wajane. Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, watu wakanung'unika, na kwa sababu hiyo wakachaguliwa wale saba. Cheo cha kwanza kabisa kuanzishwa baada ya mitume kilianzishwa ili orodha ya wajane isiwe na makosa. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi. Sikuwahi kuisoma kama katibu.

Baada ya mazishi yale nilirudi kwenye vitabu vyangu. Mwaka 197 hivi, katika mji wa Carthage, karibu na Tunis ya leo, Mwafrika mwenzetu Tertullian aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni sanduku lao la fedha. Anasema kila mtu hutia kidogo mara moja kwa mwezi, au siku anayotaka, tena kama anataka na kama anaweza, hakuna anayelazimishwa. Kisha anataja matumizi: kulisha maskini na kuwazika, kutunza yatima, watumishi waliozeeka, waliovunjikiwa na meli, na wale waliofungwa migodini na visiwani kwa ajili ya imani. Nilisimama pale kwenye neno kuwazika. Si kwamba waliokwisha kuchangia ndio waliozikwa. Walichangia ili wasio na kitu wazikwe.

Miaka hamsini na kitu baadaye, mwaka 251, Cornelius, askofu wa Roma, aliandika barua ambayo mwanahistoria Eusebius ametuhifadhia sehemu yake. Ndani yake amehesabu watu wa kanisa lake: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, watumishi wa altare 42, na wapunga pepo, wasomaji na mabawabu jumla 52. Halafu anataja wajane na wenye shida zaidi ya 1,500, wote wakilishwa na kanisa. Nilipoisoma barua hiyo nilifunga kitabu nikatembea mpaka barabarani na kurudi. Kanisa la Roma lilijua idadi ya watu linaowalisha. Mimi nilijua, mpaka shilingi ya mwisho, idadi ya watu wanaolilisha kanisa. Lakini ungeniuliza kuna wajane wangapi katika usharika wetu, au ni watoto wangapi wanashinda njaa, ningekujibu kwa kukisia. Lile lilikuwa daftari moja, na langu lilikuwa daftari jingine.

Kuna orodha nyingine inayonichoma zaidi, labda kwa kuwa iliandikwa na karani, na mimi ni karani. Tarehe 19 Mei 303, wakati wa mateso ya Diocletian, wakuu wa mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine nchini Algeria, waliingia katika nyumba waliyokusanyikia Wakristo na kuandika kila walichokikuta. Vikombe 2 vya dhahabu, 6 vya fedha, taa kadhaa. Kisha inafuata: kanzu za kike 82, shela 38, kanzu za kiume 16, viatu vya kiume jozi 13, viatu vya kike jozi 47. Katika chumba cha kulia, mitungi ya kuhifadhia vyakula. Hizo nguo na viatu hazikuwa za mapadre. Ni wazi zilikuwa akiba ya kuwapa wahitaji, na wengi wao walikuwa wanawake.

Mwaka ule ule wa mazishi niliandika orodha ya mali za kanisa letu kwa ajili ya mkaguzi. Nakala ninayo. Viti vya plastiki 180, spika kubwa 4, kinanda 1, jenereta 1, mazulia 3, meza 5. Na nguo tulikuwa nazo: majoho ya kwaya 36.

Sisemi spika ni dhambi. Mahali ambapo kila mtaa una baa tatu, asiye na spika hasikiki. Nasema tu kwamba askari akiingia kwetu leo na karatasi yake, hatakuta jozi hata moja ya viatu vya mjane.

Maadui wa Wakristo wa zamani waliliona jambo hili kuliko tunavyoliona sisi. Mwaka 362 Julian, mfalme wa Roma aliyetaka kuirudisha dini ya miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba kilichoikuza imani hii ni ukarimu kwa wageni na uangalifu wa kuzika wafu, na kwamba watu hawa wanawalisha maskini wao na maskini wasio wao pia, huku makuhani wa miungu wakiangalia tu. Hakuwa akisifu, alikuwa amekasirika. Ushuhuda wa mtu aliyekasirika ni wa kuaminika. Hali kadhalika tauni ilipoangamiza watu wa Carthage kwenye mwaka 252, na miili ikalala njiani, askofu Cyprian aliwahimiza watu wake wasiwahudumie Wakristo peke yao.

Nilipoyasema haya barazani, mhazini wetu alinijibu maneno ambayo lazima niyaeleze kwa haki, kwa sababu yana uzito. Alisema: "Mwalimu, kuna watu wanaoingia kanisani mara tatu tu, na mara mbili kati ya hizo wanabebwa. Mchungaji ale nini? Makao makuu tupeleke nini? Tukimzika kila mtu bure, nani atatoa?" Ni kweli. Mshahara wa mchungaji haudondoki kutoka mbinguni, na wanaotoa kwa uaminifu katika usharika wetu ni maskini vilevile. Kuna mama muuza mboga ambaye hajawahi kupata mstari mwekundu. Je, tumwambie kwamba juhudi yake ilikuwa hiari tu?

Tena nisimdanganye mtu kwamba kanisa la zamani lilikuwa mlango usio na bawabu. La hasha. Aliyetaka kubatizwa aliweza kufundishwa miaka mitatu kwanza, huku mwenendo na kazi yake vikichunguzwa. Hata orodha ya wajane ilikuwa na masharti. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unataka awe amefika miaka 60. Walikuwa wakali kuliko sisi. Lakini ukali wao ulikuwa juu ya maisha ya mtu, na juu ya fedha walikuwa wapole. Sisi mwizi wa viwanja tunamkalisha kiti cha mbele, mradi bahasha yake inaonekana.

Na palipokuwa na kosa kubwa kweli, walifanyaje? Mwaka 250 mfalme Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu na kupata cheti cha kuthibitisha. Vyeti vya namna hiyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimefukuliwa Misri. Wakristo wengi waliogopa. Wengine walitoa sadaka, wengine walinunua cheti kwa rushwa. Mateso yalipopoa walirudi mlangoni wakilia. Novatian wa Roma alisema wasipokewe kamwe. Cornelius na Cyprian walisema wapokewe baada ya toba. Waligombana mpaka kanisa likapasuka. Lakini mkutano mkuu wa Nisea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 13, uliamua, tena ukiiita sheria ya zamani, kwamba anayekaribia kufa asinyimwe Komunyo, chakula chake cha safari. Huyo ni mtu aliyemkana Kristo. Mama wa mihogo hakumkana mtu. Aliugua, akakosa elfu mbili ya kila mwezi.

Labda utasema Roma na Carthage ni mbali. Basi mwaka uliofuata nilipanda magari matatu kwenda Bagamoyo, ambako sikuwa nimefika tangu nilipowapeleka wanafunzi wangu miaka mingi nyuma. Ukipita chini ya miembe mikubwa ya misheni unafika mahali ambapo mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868, na ambako walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Unguja, Waanglikana walikuwa wameanza mwaka 1864 na watoto watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, mmoja wao John Swedi, aliyekuja kuwa shemasi mwaka 1879. Hao ndio washarika wa kwanza wa pwani yetu. Hawakuwa na namba ya bahasha, hawakuwa hata na ukoo wa kuwadai. Fedha ilitembea upande wa pili: ilitoka kanisani kwenda kuwanunua, na sehemu yake ilitoka kwenye michango midogo ya watoto wa Ulaya.

Sitaki kuwapaka mafuta wamisionari. Waliokombolewa Bagamoyo walifanyishwa kazi kwa ratiba kali, wengi walikuwa watoto wasioulizwa wanataka nini, na wapo waliotoroka. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru ana haki ya kuuliza uhuru huo unaanza lini. Lakini kumbuka ulikuwa wakati gani. Wasafiri waliopita Unguja miaka ile wameandika juu ya maiti za watumwa zilizotupwa ufukweni bila kuzikwa. Katika nchi ambamo mtumwa alitupwa, kumchimbia kaburi ilikuwa ni kumwambia kila aliyepita njia kwamba huyu alikuwa mtu.

Kwenye mnara wa kanisa la zamani nilikaa kivulini kwa muda. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo, baada ya kubebwa karibu miezi 9 kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Katika msafara ule alikuwamo Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Ndiye aliyesoma ibada pale moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti. Kwa hiyo mtumwa wa zamani alimsomea ibada mzungu, kisha mapadre wa Kikatoliki wakaipokea maiti ya Mprotestanti. Nilijiuliza kama ningekuwa katibu wa misheni ile ningefungua daftari ukurasa gani.

Niliporudi nilipeleka barazani mapendekezo mawili. La kwanza, kanuni ya mazishi ifutwe. La pili, tuwe na daftari la pili, la wanaohitaji kutunzwa, na lisomwe barazani kabla ya lile la ahadi. Tulibishana vikao vitatu. Mchungaji, ambaye mpaka leo hajanilaumu kwa lililotokea akiwa safarini, alisema maneno machache tu, kwamba yeye hatauliza tena namba ya maiti. Kanuni ikafutwa kwa kura moja. Daftari la pili lilikubaliwa kwa majaribio, na halikutengewa fedha yoyote. Hiyo ndiyo namna ya mabaraza ya kukubali jambo. Fedha ya kwanza ililetwa na wanawake wa jumuiya yetu, sarafu na noti zilizokunjwa ndani ya mkebe wa maziwa. Yule muuza mboga ndiye aliyeubeba. Nilitaka kumwandikia stakabadhi, akaniuliza ya nini.

Lina majina 43. Si mambo yote ni mazuri: kuna wawili walioandikwa kwa udugu na mzee mmoja, na kuna bibi aliyekataa kata kata kuandikwa kwa sababu aliona aibu. Mhazini bado anaamini kwamba makusanyo yatashuka. Mwaka wa kwanza yalishuka kweli, kidogo. Watoto wa mama wa mihogo wanasali kanisa jingine, na siwezi kuwalaumu. Mkubwa wao nikikutana naye kituoni ananiamkia vizuri, kisha anatazama upande wa pili.

Nilipomkabidhi kazi katibu mpya, kijana mwenye kompyuta, alikuwa akihamisha namba za bahasha. Akaniuliza, "Mzee, namba 214 iko wazi tangu 2014. Nimpe msharika mpya?" Nikamwambia aiache kwanza. Akataka kujua niandike sababu gani kwenye safu ya maelezo. Nikamwambia aandike kwamba alileta maji ya msingi, siku tatu.